Rangi imegeuka shaba na ncha zinakatika: nifanye nini kabla ya sendofu?

"Shikamoo mtaalamu. Niko Arusha, maeneo ya Sakina, nina miaka 34. Nywele zangu ni za dawa, zinafika mabegani. Wiki tano zilizopita nilifanyiwa retachi saluni, yaani dawa kwenye mizizi mipya, na siku hiyohiyo wakaniweka blichi na rangi ya kahawia ya asali. Ilitoka nzuri sana. Sasa imegeuka shaba, karibu ifanane na chungwa. Ncha zimekauka, nikichana zinakatika, na pembeni mwa paji la uso mvi zimeanza kuonekana. Jirani yangu anasema ni floraidi ya maji yetu. Shangazi yangu wa Moshi anasema nipake piko zote ziwe nyeusi, yaishe. Mimi nilifikiria kununua pakiti ya rangi ileile pale Kilombero nirudie mwenyewe nyumbani. Naosha kila baada ya siku tatu kwa maji ya moto sababu ya vumbi na baridi, na kila Jumamosi napaka parachichi na yai, ila sioni tofauti. Sendofu ya mdogo wangu ni baada ya mwezi mmoja. Nifanye nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jibu unalolihitaji haraka: kwenye sendofu unaweza kufika na nywele zenye rangi nzuri na zinazong'aa, ila haitakuwa ile asali. Kwa hali uliyoieleza, rangi iliyo salama ni kahawia iliyokolea kidogo kuliko hiyo, inayopakwa bila blichi. Kabla hujasoma mengine, shika mambo matatu. Usiweke blichi tena. Usipake piko juu ya nywele hizo. Na retachi isogezwe hadi sherehe ipite, hata kama mizizi imeanza kujikunja.

Sasa nikueleze kilichotokea, kwa sababu ukikielewa hutadanganywa tena na picha iliyo juu ya pakiti.

Hiyo shaba unayoiona si rangi ya dukani iliyoharibika. Ni rangi yako ya asili, ile iliyokuwa imefichwa na weusi. Weusi wa nywele zetu unatokana na melanini iliyojaa ndani ya unywele, na ndani yake kuna wekundu na umanjano mwingi. Blichi inapoanza kuiyeyusha melanini hiyo, weusi hauendi moja kwa moja kwenye dhahabu. Unapita hatua: kahawia yenye wekundu, kisha nyekundu, kisha nyekundu ya chungwa, kisha chungwa, halafu dhahabu, mwisho njano. Nywele nyeusi zikisimamishwa katikati ya safari hiyo, kama zako, zinabaki kwenye chungwa. Msusi anapaka kahawia ya asali juu yake, chungwa linafunikwa, unatoka saluni umependeza. Ile kahawia ya juu ikishatoka kwa kuoshwa, chungwa linarudi machoni. Lilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Swali linalofuata ni kwa nini kahawia hiyo imetoka ndani ya wiki tano tu. Rangi ya kudumu inaingia ndani ya unywele ikiwa chembe ndogo sana. Amonia, au kitu kingine cha jamii ya magadi kilichochanganywa kwenye rangi, huvimbisha unywele na kufungua vigamba vyake. Chembe zinaingia, zinakutana na peroksaidi, ile iliyo kwenye krimu inayochanganywa na rangi, zinaungana na kuwa kubwa kiasi cha kushindwa kutoka kwa urahisi. Hapo ndipo rangi inapopata kudumu. Vigamba vya unywele vimepangana vikifunikana, jinsi maganda ya mgomba yanavyokumbatia shina, na vikiwa vizima vimelala, rangi inakaa na nywele inang'aa. Vikiwa vimenyanyuka au vimebanduka, kila ukiosha rangi inavuja.

Na vigamba vyako vilipata mapigo matatu siku moja. Dawa ya kulainisha nywele ina ukali wa magadi wa kiwango cha pH 12 hadi 14, kwenye kipimo kinachoishia 14, na inafanya kazi kwa kuvunja viungo vinavyoupa unywele umbo na nguvu. Juu ya hapo ikaja blichi, kisha rangi. Hata nywele isiyo na dawa ingelegea. Kanuni ya kazi hii ni kwamba dawa hutangulia, kisha hupita angalau wiki mbili, ndipo rangi ifuate. Nywele zilizokwisha kuwekwa dawa, mimi sishauri blichi kabisa kwa urefu wote. Anayetaka mng'ao wa dhahabu na ana nywele za dawa, nitamwelekeza kwenye wigi au rasta za rangi hiyo. Saluni nyingi hazitakuambia hivyo kwa sababu mteja ameshakaa kwenye kiti na ana hela mkononi, lakini wewe ndiye unayebaki na ncha zinazokatika.

Kuhusu maji. Jirani yako amegusa jambo la kweli akalielekeza pasipo pake. Floraidi ipo, na chemchemi na visima vingi vinavyozunguka Mlima Meru vinazidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia unayoyaona kwa watu waliokulia huku yanatokana na floraidi iliyoingia mwilini utotoni, wakati meno yanajijenga. Haitokani na maji kugusa jino kwa nje, na unywele nao haubadilishwi rangi kwa njia hiyo. Kinachokuhusu wewe kwenye maji ya miamba ya volkano ni kwamba mengi yana asili ya magadi. Maji ya namna hiyo utayajua: sabuni inatoa povu haraka, lakini ukisuuza utelezi hauishi. Magadi kidogo hayo yanainua vigamba ambavyo tayari havilali. Kwa nywele nzima ni jambo dogo. Kwa nywele iliyopita blichi, linahesabika.

Lakini maji hayo hayo, hata yangekuwa safi kabisa, ukiyachemsha na kuosha nayo kila baada ya siku tatu, yanatoa rangi kuliko kitu kingine chochote unachokifanya. Joto linavimbisha unywele, maji yanaingia, chembe za rangi zinatoka nayo. Najua Juni na Julai Arusha si mahali pa kuosha kichwa kwa maji ya baridi, na sikuambii ujitese. Tumia maji ya uvuguvugu, yale ambayo ukiyamwaga ndani ya kiwiko huyasikii kuwa ya moto. Na uoshe mara moja kwa siku saba hadi kumi. Vumbi lizuie kwa kilemba au mtandio unapopanda bodaboda.

Huo mtandio una kazi nyingine. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, karibu kabisa na ikweta, na miale ya jua inayochubua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Miale hiyo huharibu melanini na rangi ya dukani vilevile. Baridi ya asubuhi isikudanganye: jua la saa sita mchana linafanya kazi yake hata ukiwa umevaa sweta.

Parachichi na yai navielewa, hasa huku kwetu ambako parachichi ni jingi. Parachichi lina mafuta yanayolainisha unywele kwa juu, basi. Haliingii ndani kujenga kilichovunjika. Protini ya yai ni kubwa mno kupenya unywele, ndiyo maana huoni tofauti, na ukisuuza kwa maji ya moto inaiva kichwani na kunasa. Kula mayai hayo. Protini inayoweza kupenya kidogo ni ile iliyokatwakatwa kiwandani, na kwenye lebo neno la kutafuta ni "hydrolyzed", likifuatiwa na keratini, ngano au hariri. Hiyo nayo haiponyi unywele uliokufa. Inaziba mianya kwa muda na kuupa nguvu ya kuvutika kidogo badala ya kukatika ghafla, na kwa mwezi mmoja unaoutaka hilo linatosha.

Sasa piko. Hapa naomba unisikilize vizuri, na umsomee shangazi pia kwa heshima zote, kwa sababu ushauri wake ni wa upendo.

Piko na hina ni vitu viwili tofauti, ingawa vinauzwa meza moja. Hina halisi ni majani yaliyosagwa, unga wake ni wa kijani, una harufu ya nyasi kavu, na rangi yake ni moja tu: wekundu wa chungwa. Inashika kwenye protini ya unywele kwa nje na haihitaji peroksaidi. Hina yoyote inayotoa weusi papo hapo imechanganywa na kitu. Piko nyeusi inayouzwa kwenye vipakiti, ile wanayochorea maua mikononi kwa maharusi, kwa kawaida nguvu yake inatokana na kemikali iitwayo PPD, ambayo kwenye lebo huandikwa "p-phenylenediamine". Kemikali hiyo imo pia kwenye rangi nyingi za kudumu za nywele, lakini kwenye rangi iliyotengenezwa vizuri kiasi chake hupimwa na huwekwa mipaka. Kwenye unga wa kipakiti kisicho na maelezo hujui unapaka kiasi gani.

Tatizo lake ni mzio. Mtu anaweza kuipaka mara nyingi bila shida, kisha siku moja mwili unaikataa: ngozi ya kichwa inawasha, inatoa majimaji, kope zinavimba hadi macho yanafumba. Na mwili ukishaikataa, huikataa daima. Kwa hiyo jiulize: je, uliwahi kuchorwa piko kwenye harusi yoyote, mchoro ukawasha, ukavimba au ukaacha kovu? Kama ndiyo, usipake piko wala rangi yoyote ya kudumu au ya nusu kudumu inayochanganywa na peroksaidi. Usijaribu hata kidogo. Mvi zako zitashughulikiwa kwa njia nyingine nitakayoitaja. Na piko isikae mahali watoto wanafikia, maana ikimezwa ni sumu kali inayoweza kuua.

Sababu ya pili ya kuikataa kwa hali yako ni kwamba baadhi ya unga mweusi, na baadhi ya hina zilizochanganywa, zina chumvi za madini. Chumvi hizo zikibaki kwenye unywele, halafu baada ya miezi miwili ukaenda saluni wakaweka rangi yenye peroksaidi, vinagombana: kichwa kinapata joto, moshi unaweza kutoka, na nywele zinayeyuka. Weusi wa piko juu ya nywele yenye blichi pia huwa bapa, hauna uhai, na kuutoa ni kazi ambayo nywele zako haziiwezi.

Na pakiti ileile ya rangi uliyoifikiria? Rangi ya asali iliyoandikwa kwenye boksi imekusudiwa kuinua weusi kidogo, kwa hiyo huja na peroksaidi ya kutosha kufanya hivyo. Ukiirudia kwenye nywele zilizo chungwa tayari, itainua tena, chungwa litazidi kung'aa, na ncha zitaondoka. Angalia namba kwenye boksi. Namba ya kwanza ni kina cha rangi, 1 ikiwa nyeusi na 10 ikiwa nyepesi kabisa. Namba inayofuata baada ya nukta au mkwaju (/) ni mwelekeo wake: kwa watengenezaji wengi 0 ni ya kawaida isiyoelemea popote, 1 ni ya majivu yenye ubluu ndani, 3 ni dhahabu, 4 ni shaba. Asali mara nyingi ni 7.3 au jirani yake. Wewe una dhahabu na shaba za kutosha kichwani, unahitaji kinyume chake. Kwenye duara la rangi, bluu ndiyo inayozima chungwa.

Ushauri wangu ni rangi ya nusu kudumu, ile isiyo na amonia, inayochanganywa na krimu ya peroksaidi dhaifu ya takriban asilimia 1.5 hadi 4. Haiwezi kuinua weusi, inaweka rangi tu, na huondoka polepole kwa kuoshwa mara 20 hivi. Ipo pia ya muda mfupi zaidi isiyo na peroksaidi kabisa, ambayo hutoka ndani ya maosho 6 hadi 12. Hiyo ni laini zaidi, lakini kwa nywele zenye mianya kama zako inaweza kuchuja kwenye mto na kwenye kola ya gauni. Ya kwanza inafaa zaidi kwa sherehe.

Kabla ya yote, pima nywele. Chukua unywele mmoja wa ncha, uloweshe, uvute taratibu kwa vidole viwili. Ukivutika kidogo ukarudi, unaweza kuendelea. Ukirefuka bila kurudi, ukawa mwembamba na kuteleza, au ukikatika palepale, hiyo sehemu haifai kupakwa chochote chenye kemikali. Ikatwe. Ikiwa nywele kutoka katikati ya kichwa nayo inafanya hivyo, acha mpango wa nyumbani, nenda kwa msusi unayemwamini azishike kwa mikono yake.

Wiki hii nenda ukapunguze ncha sentimita 2 au 3. Najua inauma, lakini ncha iliyopasuka inaendelea kupasuka kwenda juu na rangi haikai juu yake. Kisha weka hiyo protini ya kiwandani mara moja, kwa muda ulioandikwa, ukimalizia na kondishena yenye kulainisha. Usirudie protini kabla ya wiki mbili kupita, maana ikizidi unywele unakuwa mkavu na kuvunjika. Usiku unaotangulia kila kuosha, paka mafuta ya nazi kutoka katikati hadi ncha. Mafuta ya nazi ni miongoni mwa machache yanayoingia ndani ya unywele, na yanapunguza protini inayotoka wakati wa kuosha. Pasi na draya ya moto viwekwe pembeni hadi siku ya sendofu.

Siku ya kupaka iwe kati ya siku 7 na 10 kabla ya sherehe. Ikiwekwa mapema zaidi itaanza kuchuja, ikiwekwa jana yake hutapata muda wa kurekebisha.

Siku mbili kabla ya kupaka, fanya kipimo cha mzio, na usikiruke hata kama ulishapaka rangi mara ngapi. Paka kiasi kidogo cha rangi nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, kwa namna maelezo ya pakiti yanavyosema, na uangalie saa 48. Muwasho, wekundu au uvimbe wowote, rangi hiyo haipakwi. Siku hiyohiyo jaribu kwenye kishungi kimoja cha chini kisogoni, ujue itatoka kahawia gani na kwa dakika ngapi. Osha nywele siku mbili kabla ili mafuta mazito yatoke, kisha usioshe tena hadi siku ya kupaka, na usikwaruze ngozi ya kichwa. Palipo na kidonda au gamba la kuungua na dawa hapapakwi.

Kwa kina cha rangi, nywele zenye mianya hunywa sana na hutoka nyeusi kuliko boksi linavyosema. Ukitaka kahawia ya wastani ya namba 4, nunua namba 5. Changanya sehemu mbili za 5.0 na sehemu moja ya 5.1. Ukiweka 5.1 peke yake, ncha zinaweza kutoka na rangi ya tope yenye ukijani. Kwa nywele za mabegani mililita 60 za rangi zinatosha, na krimu yake kwa uwiano ulioandikwa, ambao kwa rangi za aina hii mara nyingi ni 1 kwa 2, yaani 60 kwa 120. Bakuli liwe la plastiki, usitumie sufuria. Vaa glavu, paka Vaseline kwenye paji la uso na masikio. Changanya kiasi cha kutumia wakati huohuo, na kinachobaki ukimwage. Ukikifungia kwenye chupa kinatengeneza gesi, na chupa inaweza kupasuka.

Anza na mvi, kama kipimo cha mzio kilitoka salama kwa rangi ya kudumu pia, maana kila rangi hupimwa kivyake. Rangi ya nusu kudumu huzichanganya mvi chache bila kuzifunika kabisa. Kwa ile mistari miwili ya pembeni, tumia rangi ya kudumu namba 3.0 na krimu ya volyumu 20, ambayo ni peroksaidi ya asilimia 6. Gramu 15 za rangi na mililita 15 za krimu zinatosha. Paka kwa brashi nyembamba kwenye mvi peke yake, ukikwepa nywele zilizopita blichi, na uache dakika 35 au kama maelezo yanavyotaka, kwa sababu unywele wa mvi ni mgumu kuingiliwa. Nimechagua 3 kwa sababu nywele mpya zinazokuzunguka mizizini ni nyeusi, na kahawia nyepesi hapo ingetokeza kuliko mvi yenyewe. Mizizi mingine iache ilivyo. Weusi unaofifia kuelekea kahawia unapendeza, na utakuepusha na kupaka kila mwezi.

Zikibaki dakika 20, anza kupaka ile ya nusu kudumu katikati ya nywele, vishungi vyembamba, ukitumia brashi na kumalizia kwa vidole. Ncha ziguswe mwisho, zikibaki dakika 5 hadi 10. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaanza na ncha kwa kuwa ndizo zenye chungwa zaidi, wanamaliza na kahawia juu na weusi chini. Kila baada ya dakika tano futa kishungi kimoja kwa pamba yenye maji uone rangi halisi, usikisie kwa rangi ya krimu. Ikifika unapopataka, suuza hata kama saa haijafika. Suuza kwa maji ya uvuguvugu hadi yatoke meupe, bila shampuu, kisha kondishena dakika tano. Kama una maji ya mvua kwenye simtanki, yatumie kwa suuzo la mwisho, hayana magadi. Kama huna, kijiko kimoja cha chakula cha siki kwenye nusu lita ya maji, umwagie nywele ukifumba macho, kitafanya kazi ya kulaza vigamba. Ndimu iache. Ndimu na jua pamoja huchubua rangi.

Dirisha liwe wazi muda wote. Kama una pumu, mtu mwingine apake, nawe ukae penye hewa. Na rangi ya kichwani isifike kwenye nyusi wala kope, kwa sababu yoyote ile.

Baada ya hapo usioshe kwa siku tatu. Shampuu iwe ile isiyo na salfeti, na sabuni ya mche isiguse kichwa, maana ukali wake wa magadi unafungua vigamba kila unapoipaka. Usiku lala na kitambaa cha satini. Siku ya sendofu ukitaka kunyoosha, pasi iwe chini ya nyuzijoto 180, nywele ziwe zimekauka kabisa, na ipite mara moja tu kwenye kila kishungi. Pasi ya moto sana inageuza rangi palepale ukiitazama, na ikikutana na unywele wenye unyevu inauchemsha kwa ndani. Ukinunua bidhaa, kwanza tazama tarehe ya kuisha muda na kama boksi lilikuwa limeanikwa juani kwenye meza. Peroksaidi iliyopikwa na jua imepoteza nguvu, na mtu hulaumu rangi kumbe ni krimu. Krimu iliyomiminwa kwenye chupa isiyo na jina usiinunue. Bidhaa za vipodozi nchini zinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019, na kipakiti kisicho na jina la mtengenezaji wala viambato hakina mtu wa kumuuliza kikikuumiza.

Ikiwa kipimo cha mzio kimekataa, au una historia ya kuwashwa na piko, mvi hizo zifunikwe siku ya sherehe kwa rangi ya kalamu au ya kupuliza inayotoka kwa kuoshwa mara moja, nayo ukiwa umeijaribu kwenye ngozi kwanza. Mtindo wa nywele za kuletwa mbele kidogo pembeni pia unazificha bila kemikali yoyote. Usisuke rasta za kubana kuficha tatizo: kwenye kingo za nywele zilizolegea, uzito na mvuto wake unang'oa kabisa.

Retachi, kama bado unaitaka, iwe angalau wiki mbili baada ya rangi, kwenye mizizi mipya tu, na urefu wa zamani ukingwe kwa mafuta mazito au kondishena ili dawa isiuguse.

Kuna hali ambazo ushauri wa kuandika hautoshi. Ukiona kope, midomo au uso vinavimba baada ya kupaka, au pumzi inabana, suuza kichwa na uende hospitali iliyo karibu nawe saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi. Ngozi ya kichwa ikitoa majimaji au usaha, nywele zikitoka na mizizi yake kwa mabaka, au kukatika kukiendelea wiki tatu baada ya kuacha kemikali zote, onana na daktari wa ngozi. Arusha unaweza kuanzia Hospitali ya Mount Meru. Na kwa kuwa una shangazi Moshi wa kukupokea, pale hospitali ya rufaa ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha ukanda huu, kilichopo tangu 1992, na matatizo ya namna hii ni kazi yao ya kila siku. Nenda na boksi la rangi, chupa ya dawa uliyofanyiwa retachi, na hata kipakiti cha piko kama kilitumika. Daktari akisoma viambato atajua aanzie wapi kupima.